Sura ya Saba: Mgonjwa Anapomtibu Mgonjwa

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoanza, shule moja ya bweni huko Mill Hill, kaskazini mwa London, iliondolewa wanafunzi na kufanywa hospitali ya dharura. Humo alipangiwa kazi daktari kijana aliyeitwa Maxwell Jones. Wadi yake ilikuwa na vitanda mia moja hivi, na waliolala humo walikuwa askari wenye malalamiko yanayofanana: moyo unakwenda mbio, pumzi hazitoshi, kifua kinauma, mwili umeishiwa nguvu. Wakipimwa moyo, hauonekani na kasoro. Hawakuwa waongo. Hofu ilikuwa imewaingia mwilini na kukaa.

Jones akawakusanya wote pamoja, akashika chaki, akawaeleza mwili unavyofanya mtu akiogopa: misuli inavyokaza, pumzi inavyobadilika, moyo unavyoitikia. Mazungumzo hayo yakarudiwa wiki baada ya wiki, na hapo likatokea jambo ambalo hakulipanga. Askari waliokwisha kukaa wadini wakaanza kuwajibu wageni kabla daktari hajafungua kinywa. Mgeni aliyeamini kwamba moyo wake utapasuka wakati wowote alimsikiliza zaidi mwenzake aliyewahi kuamini hivyohivyo. Na yule aliyemweleza mgeni, kwa kule kueleza tu, naye akazidi kupata nafuu.

Wakati huohuo, katika hospitali ya kijeshi ya Northfield mjini Birmingham, madaktari Wilfred Bion na John Rickman waliiachia wadi nzima ijipange yenyewe katika vikundi vya kazi na kukutana ili ijitazame. Jeshi lilisimamisha jaribio lao baada ya wiki sita. Waliopokea kazi baada yao walikwenda kwa uangalifu zaidi, na mmoja wao, Tom Main, ndiye aliyeupa mtindo huu jina katika makala yake ya mwaka 1946: jumuiya tiba.

Katika hospitali ya kawaida tiba ni dawa, sindano na dakika chache za daktari. Saa zote zinazobaki mgonjwa hukaa tu, akingoja. Jumuiya tiba inazichukua saa hizo na kuzifanya ndizo tiba yenyewe. Kupika, kufagia, kugombania redio, kupatana tena, kuamua pamoja nini kifanywe juu ya mwenzao aliyevunja kanuni: yote hayo ni sehemu ya matibabu, na kila aliyemo anawajibika kwa kupona kwa mwingine.

Baada ya vita, Jones alihamia hospitali ya Belmont, kusini mwa London, na mwaka 1947 akaanzisha kitengo ambacho mwaka 1959 kilipewa jina la Hospitali ya Henderson. Walioletwa huko walikuwa watu ambao kwingine walikwisha kukatiwa tamaa. Walikuwamo wanaojikata kwa wembe, wanaopiga wenzao, wasiodumu kazini wala katika ndoa. Leo wengi wao wangeambiwa wana matatizo ya haiba. Nitakaa kidogo hapa, kwa sababu ni sehemu chache zilizoupeleka mtindo huu mbali kama Henderson.

Kila asubuhi saa tatu na robo wakazi wote, wasiozidi thelathini, waliketi pamoja na wahudumu. Aliyeongoza kikao alikuwa mkazi. Mambo ya usiku yaliletwa hapo: nani hakutimiza zamu yake, nani alimtukana nani, nani amejikata. Aliyejikata hakupewa kidonge cha kumtuliza, kwa kuwa dawa za akili hazikutumika katika nyumba ile. Alitakiwa awaeleze wenzake kilichomsibu, na wao walitaka kujua kwa nini hakumwamsha mtu kabla ya kuchukua wembe. Anayezidiwa usiku wa manane aliweza kuitisha mkutano wa dharura, na watu wakaamka. Aliyevunja kanuni kubwa, kama ile inayokataza kupigana, alihesabiwa kuwa amejiondoa mwenyewe. Kama alitaka kubaki, ilibidi awaombe wenzake, nao wakapiga kura. Hata mgeni aliyeomba kuingia alipokelewa kwa kura, na katika jopo hilo wakazi walikuwa wengi kuliko wataalamu. Muda wa kukaa haukuzidi mwaka mmoja.

Je, hayo yanamponyaje mtu? Nadhani jibu linaanzia kwenye ugonjwa wenyewe. Kuna maradhi ambayo makao yake ni kati ya mtu na mtu. Mgonjwa akiwa mbele ya daktari kwa nusu saa atayasimulia tu. Akiishi na watu thelathini usiku na mchana, atayatenda mbele yao. Yule anayewafukuza wote wanaompenda atawafukuza na hawa, lakini hawa hawatanyamaza na wala hawataondoka. Watamwambia alichofanya, saa ileile. Maneno yao yana uzito ambao yangu au ya daktari hayana, kwa sababu msemaji mwenyewe alikwisha kulala kwenye kitanda hichohicho. Tena mtu aliyezoea kuhesabiwa mzigo anakabidhiwa jikoni, daftari la fedha na kura inayoamua hatima ya mwenzake. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza katika utu uzima wao kuaminiwa na mtu yeyote.

Mwanaanthropolojia Robert Rapoport, aliyechunguza Belmont katika miaka ya 1950, alieleza nguzo nne za maisha hayo. Kila mtu ana sauti katika uamuzi. Tabia za kuudhi huvumiliwa kuliko kwingine. Maisha ni ya pamoja. Na kila mtu huonyeshwa wazi jinsi matendo yake yanavyowaumiza au kuwafaa wengine. Nguzo hizo huvutana, kwani ukivumilia mno, nyumba inavunjika, na ukikemea mno, watu wanajificha. Kuziweka sawa ni kazi ya kila siku isiyokwisha.

Afrika ilikuwa na njia yake. Mwaka 1954 Thomas Adeoye Lambo, daktari Mnigeria aliyesomea Birmingham, alirudi Abeokuta alikozaliwa kuongoza hospitali ya magonjwa ya akili ya Aro, ambayo majengo yake yalikuwa hayajakamilika. Badala ya kungoja, alikubaliana na wanavijiji wa jirani wawapangishe wagonjwa vyumba. Sharti lilikuwa moja: kila mgonjwa aje na ndugu wa kumpikia na kumwangalia. Asubuhi walikwenda hospitalini kupata dawa na matibabu mengine ya kisasa, na baadaye wakarudi kijijini, kwenye mashamba, ngoma na ibada. Wanavijiji walipata kodi, na hospitali ikawasaidia katika maji safi na kupambana na mbu. Lambo alifanya kazi na waganga wa jadi pia, bila kuona aibu na bila kuacha sayansi yake. Alichokielewa ni kwamba mgonjwa akitengwa na watu wake, kupona ni jambo moja na kupokelewa nyumbani ni jambo jingine. Baadaye alikuwa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani.

Tanzania nayo ilijenga vijiji vya kilimo kwa wanaopata nafuu. Hombolo, karibu na Dodoma, kilihusishwa na Hospitali ya Mirembe, na Vikuruti, Dar es Salaam, kilihusishwa na Muhimbili. Wazo ni kwamba mtu aliyetoka wadini apite kwanza mahali pa kulima, kupika na kuishi na wenzake kabla ya kurudi kwao. Naliona ni wazo linalostahili fedha na watumishi kuliko linavyopata.

Lakini jumuiya tiba ambazo wasomaji wengi wa pwani wanazijua ni nyumba za soba. Unguja, Dar es Salaam na Mombasa, vijana wanaotaka kuacha unga, yaani heroini, huishi pamoja katika nyumba zinazoendeshwa na watu walioacha kabla yao. Asili ya nyumba za namna hii haiko Henderson, bali kwenye vikundi vya walevi na waraibu waliosaidiana huko Marekani, na katika historia hiyo kuna ukurasa wa kutisha ambao hatuna haki ya kuuruka.

Mwaka 1958 Charles Dederich, mlevi aliyeacha pombe, alianzisha Synanon huko California. Waraibu wa heroini waliishi pamoja, wakafanya kazi, na wakaketi kwenye duara la kushutumiana kwa ukali bila kuficha lolote. Wengi waliacha heroini, na nyumba kubwa za New York kama Daytop na Phoenix House ziliiga mtindo huo katika miaka ya 1960. Ila katika Synanon hapakuwa na kura, na aliyekuwa na neno la mwisho alikuwa mtu mmoja. Kufikia miaka ya 1970 wakazi walinyolewa vichwa, wanaume wakashinikizwa kufunga uzazi, wanandoa wakaamriwa kuachana na kupewa wenzi wengine. Mwaka 1978 wafuasi wawili walitia nyoka mwenye sumu katika sanduku la barua la mwanasheria aliyeishtaki Synanon. Aliumwa, akanusurika.

Duara la Synanon na kikao cha Henderson vilitumia nguvu ileile ya kundi. Tofauti ilikuwa kwamba Henderson mkuu wa hospitali naye aliweza kuhojiwa na mkazi, na mkazi aliweza kuondoka.

Tiba hii ina mipaka. Katika utafiti wa Oxford uliochapishwa mwaka 2017, watu 70 wenye matatizo ya haiba waligawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya miaka miwili, walioingia katika jumuiya tiba hawakutofautiana na wenzao katika kulazwa hospitalini, lakini walijidhuru na kuwashambulia wengine kwa kiwango kidogo zaidi, na waliridhika zaidi na huduma. Faida hiyo ni ya kweli, ingawa si muujiza. Mtu mwenye skizofrenia anahitaji dawa, kama Lambo alivyojua. Mlevi wa muda mrefu akikatishwa pombe ghafla bila daktari anaweza kufa. Aliyeacha unga kwa miezi kadhaa akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa pia, kwa kuwa mwili hauna tena uzoefu nao. Ndiyo maana nyumba inayomkataa mtu anayekunywa methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini ambayo Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, inamnyima kinga yake.

Basi ukitaka kumpeleka ndugu yako katika nyumba ya namna hii, nenda kwanza mwenyewe. Uliza nani anaamua adhabu, na aliyeadhibiwa anakata rufaa kwa nani. Uliza wanamwita daktari gani, na wanafanya nini mtu akitetemeka au akitaka kujiua. Zungumza na wakazi bila msimamizi kuwapo, na utazame kama wanamjibu bila woga anapowasemesha. Ukikuta mtu amefungwa mnyororo, au ukiambiwa kwamba ndugu hawaruhusiwi kumwona, usimwache ndugu yako hapo hata usiku mmoja.