Uingereza: Matishali ya mifereji yafufuliwa, wenyewe wakipungua

Mwezi wa Juni ndio wakati ambapo kijiji cha Braunston, katikati ya Uingereza, huwa kimejaa moshi wa dizeli na mlio wa injini kuukuu. Matishali membamba yaliyowahi kubeba makaa ya mawe, nafaka na vyuma hupita kwa mlolongo, moja likikokota jingine, huku watazamaji wakiwa wamejipanga ukingoni mwa mfereji.

Miongoni mwa yanayopigwa picha zaidi ni Raymond, tishali la mbao lisilo na injini. Liliundwa Braunston kwenyewe mwaka 1958, nalo ndilo la mwisho la aina yake kuundwa kwa ajili ya kubeba mizigo. Miaka kumi na miwili tu baadaye, mwezi Oktoba 1970, lilikuwamo katika safari ya mwisho ya kupeleka makaa ya mawe kutoka machimbo ya Warwickshire hadi kiwanda kimoja cha jemu kilichokuwako Southall, magharibi mwa London. Kwa safari hiyo ulimalizika usafirishaji wa kawaida wa masafa marefu wa matishali hayo, kazi iliyokuwa imedumu zaidi ya miaka mia mbili.

Kazi hiyo ilianza kushika kasi mwaka 1761, pale mfereji uliogharimiwa na mtawala wa Bridgewater ulipofunguliwa ili kupeleka makaa ya mawe kutoka Worsley hadi Manchester. Bei ya makaa mjini humo ilishuka kwa takriban nusu. Sababu ni rahisi: farasi mmoja akikokota tishali lililo juu ya maji humudu tani 25 na zaidi, mzigo ambao barabarani, katika tope la wakati ule, ungehitaji msururu wa mikokoteni. Haukupita muda kila mwenye mtaji alitaka mfereji wake. Ili kupunguza gharama, malango ya maji, yaani vile vyumba vya mawe vinavyojazwa na kumwagwa maji ili chombo kipande au kishuke kilima, yalijengwa membamba mno katika mifereji mingi ya eneo la kati. Uamuzi huo ndio ulioamua umbo la matishali: urefu wa zaidi ya mita 21, upana mita 2 na kidogo tu.

Kisha likaja gari la moshi. Kuanzia miaka ya 1830 makampuni ya mifereji yalilazimika kushusha nauli za mizigo, na aliyeumia kwanza alikuwa mwenye kuendesha tishali. Kwa kuwa hakumudu tena kulipa kodi ya nyumba na mshahara wa msaidizi, wengi waliihamishia familia ndani ya chombo. Mke akashika usukani, watoto wakamwongoza farasi. Hakuna kati yao aliyekuwa na mshahara wake. Malipo yalikuwa ya mzigo uliofikishwa, nayo yalitiwa mkononi mwa baba.

Familia hizo ziliishi katika chumba cha tezi chenye urefu wa kama mita 3. Humo mlikuwa na jiko la makaa, kabati ambalo mlango wake ukiteremshwa ulikuwa meza, na jingine ambalo likifunguliwa lilikuwa kitanda cha wazazi. Watoto walilala juu ya ubao wa kukalia, na wengine walipozidi, popote palipopatikana. Sehemu iliyobaki yote ilikuwa ya mzigo, kwani mzigo ndio uliolipa. Ndani ya kichumba hicho palitandazwa mapambo ambayo hadi leo ndiyo alama ya mifereji ya Uingereza: mawaridi na ngome zilizochorwa kwa rangi kali juu ya milango, ndoo na birika, sahani zilizotobolewa kingo mfano wa darizi, na shaba iliyosuguliwa ikang'aa.

Wageni hupenda picha za mawaridi kuliko habari za watoto. Lakini bunge la Uingereza lilishughulika na watoto. Baada ya kampeni ya George Smith wa Coalville, sheria ya mwaka 1877, iliyotiwa nguvu mwaka 1884, ilitaka kila tishali la kuishi watu liandikishwe na idadi ya wanaolala ndani iwekewe kikomo. Utekelezaji ulikuwa mgumu, maana mkaguzi akifika leo, chombo kimekwishaondoka jana. Mtoto aliyepata saa chache darasani katika mji mmoja angeweza kukaa majuma asione darasa jingine. Wengi walikua bila ya kujua kusoma. Walichojua kilikuwa vichwani: wapi mfereji una kina kidogo, lango gani mlango wake mzito, daraja lipi lina pembe ya kukwaruza. Mfereji wenyewe waliuita "mkato", kwa kuwa ulikatwa ardhini kwa mikono ya watu.

Injini ya mafuta, iliyoanza kuenea katika miaka ya 1910, ilimpumzisha farasi na kuwezesha tishali moja kulikokota jingine. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili wanawake wa mijini walifundishwa kazi hiyo ili mizigo isikwame. Mwaka 1948 mifereji mingi iliingia mikononi mwa serikali, lakini malori yalikuwa yamekwishauchukua mzigo. Baridi kali ya mwaka 1962 na 1963 iligandisha maji kwa majuma mengi, na wateja waliopeleka mizigo yao barabarani hawakurudi. Matishali yakauzwa kwa bei ya kutupa. Mengine yalizamishwa kwa makusudi katika mashimo ya kokoto yaliyojaa maji. Mengi yalikatwa yakafupishwa, yakafunikwa juu, yakawa vyombo vya mapumziko.

Ndipo inapoanza kazi ya mafundi wa leo. Msikilizaji aliyewahi kuona majahazi yakitengenezwa Lamu au Sur hatakuwa mgeni katika karakana zao. Ubao wa mwaloni huwekwa ndani ya sanduku la mvuke kwa saa kadhaa hadi ulainike, kisha hukimbizwa kwenye taruma na kubanwa kabla haujapoa. Nafasi kati ya mbao hukalafatiwa, si kwa pamba kama ilivyo pwani ya Afrika Mashariki, bali kwa nyuzi za kamba kuukuu zilizotiwa lami. Ndani hupakwa mchanganyiko wa moto wa lami, nywele za ng'ombe na samadi ya farasi, na harufu yake ndivyo ilivyo. Chini ya chombo zilipangwa mbao nene za mti wa elmi, ambao hauozi upesi ukibaki majini. Hapo fundi hupata taabu: maradhi yaliyozuka mwishoni mwa miaka ya 1960 yaliangamiza miti ya elmi kwa mamilioni nchini Uingereza.

Raymond lilipofanyiwa matengenezo makubwa mwanzoni mwa karne hii, sehemu kubwa ya mbao zake ilibadilishwa. President, tishali la mvuke la mwaka 1909 linalomilikiwa na jumba la makumbusho la Black Country huko Dudley, lilinyang'anywa mtambo wake wa mvuke mwaka 1925 likatiwa injini ya mafuta. Mtambo linaoendea sasa si ule wa awali. Wapo wanaouliza kama hivyo bado ni vyombo vilevile. Jibu la mafundi ni kwamba tishali la mbao halikuwahi kubaki na mbao zake za kwanza hata lilipokuwa kazini, na kwamba ufundi hubaki hai ukitumika. Hoja yao ina nguvu. Hata hivyo njia nyingine inaonekana Ellesmere Port, ambako tishali Friendship limehifadhiwa mahali pakavu. Mwenyewe, Joe Skinner, alikuwa wa mwisho au karibu na wa mwisho kufanya kazi kwa tishali lake binafsi lililokokotwa na nyumbu. Mbao alizozigusa yeye zingalipo, ila haziogelei.

Kilicho kigumu kuliko vyote kukifufua si mbao wala chuma. Waliozaliwa ndani ya matishali hayo na kuyaendesha kwa riziki sasa ni wazee, na kila mwaka idadi yao hupungua. Kwa vile wazazi wao hawakuandika, barua na shajara zao ni chache mno. Sauti zilizorekodiwa na majumba ya makumbusho na wapenzi wa mifereji ndizo karibu maandishi yao pekee. Fundi anaweza kupima chumba cha tezi kwa sentimita, lakini ni mtu aliyelala humo tu anayeweza kumwambia mtoto mchanga alifungwa wapi mama alipokuwa akiongoza chombo.

Baadhi ya matishali yaliyotengenezwa yamerudi kazini. Tangu mwaka 2012 mifereji mingi ya England na Wales iko chini ya shirika la hisani, na kando yake wanaishi maelfu ya watu ndani ya maboti yao. Wanahitaji makaa, dizeli na gesi, na kunapokucha asubuhi ya baridi, anayewapelekea mara nyingi huja na tishali lililoundwa katika miaka ya 1930, lenye mzigo palepale mzigo ulipokuwa ukiwekwa.