Tele ni Kutosha

Waingereza wana neno «galore», na maana yake ni tele. Kwa desturi ya lugha yao, sifa hutangulia jina. Lakini neno hili hufuata nyuma ya jina, kama tusemavyo sisi: samaki tele, mihogo tele. Sababu ni kwamba neno hilo ni mgeni katika Kiingereza. Liliingia katika karne ya 17, likitoka katika maneno mawili ya Kiayalandi, «go leor», yaani «hata kutosha».

Watu wa Ayalandi waliijua njaa. Tangu mwaka 1845 viazi vyao vilioza mashambani miaka kadhaa, wakafa watu wapata milioni moja. Na katika lugha yao, kutosha na kuwa na tele husemwa kwa neno lile lile.

Nasi je? Mwenye magunia kumi hunung'unika akiona ya jirani ishirini. Bwana Yesu alipowalisha watu elfu tano, kwanza wote walishiba, ndipo vikasalia vikapu 12. Nyumba ambamo kila mtoto ameshiba, na mgeni amepata sehemu yake, hiyo ndiyo yenye tele.