Breki ya Ekzosi na Namna ya Kushuka Mlima kwa Salama

Wakulima wengi wa skimu za makazi za Muhoroni, Koru, Songhor na Chemelil siku hizi wana pikapu au lori dogo la dizeli. Gari hilo hupeleka maziwa, mahindi, ndizi na maparachichi sokoni, na hurudi na mbolea na mbegu. Ni mali kubwa, na wengine wamelinunua kwa mkopo ambao bado wanaulipa. Kwa hiyo yafaa kila mwenye gari, na kila dereva aliyeajiriwa, ajue namna ya kulishusha mlimani bila kuliharibu na bila kumwaga damu ya mtu.

Nchi yetu ya Nyanza imezungukwa na milima. Mji wa Kisumu uko ufukweni, na ziwa lenyewe liko kiasi cha meta 1,134 juu ya bahari. Lakini mji wa Nandi Hills uko karibu meta 2,000, na Kericho vilevile. Atokaye Nandi Hills kwenda Chemelil, au Kericho kwenda Awasi na Ahero, au Kakamega kwenda Kisumu kwa njia ya Riat, hana budi kushuka. Na chini ya kila mteremko kuna watu: soko, kituo cha matatu, bodaboda, watoto wa shule.

Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, barabara ya Kericho na Nakuru, lori lililomshinda dereva liliingia katika watu waliokuwa wakiuza na kununua kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakafa. Mwezi wa Agosti 2025, basi la shule lililobeba waombolezaji lilianguka katika mzunguko wa Coptic, Kisumu, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Sababu za kila ajali huchunguzwa na wenye kazi hiyo, wala sisi hatutawahukumu madereva hapa. Tunataka tu kukukumbusha kwamba gari zito likikosa utii, wanaoumia ni wengi.

JOTO LA MTEREMKO

Mtu husema, "Breki zangu ni mpya, sina hofu." Lakini tufanye hesabu kidogo. Pikapu yako pamoja na mzigo ina uzito wa tani 3. Kutoka Nandi Hills mpaka Chemelil inashuka zaidi ya meta 700. Uzito huo ukishuka kimo hicho hutoa joto linalotosha kuchemsha lita 60 za maji, yaani madebe matatu ya lita 20, tangu yakiwa baridi mpaka yatokote. Sehemu ya joto hilo huchukuliwa na upepo na matairi. Sehemu iliyobaki lazima iende mahali fulani. Ukishuka huku umekanyaga breki njia nzima, itaingia katika breki.

Breki ikipata moto mwingi, mambo mawili hutokea. Kwanza, bitana za breki hupoteza nguvu ya kushika. Unakanyaga kwa nguvu zako zote, na gari linaendelea tu. Pili, mafuta ya breki huchemka. Mafuta haya huvuta unyevu wa hewa kidogo kidogo. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 huchemka yakifika nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi, lakini yakiwa yamelewa maji huweza kuchemka kwa nyuzi 140 tu. Yakichemka hufanya mapovu, na povu hubonyea. Basi pedali huzama mpaka sakafuni, na gari halina breki tena.

KWA NINI DIZELI YAHITAJI MSAADA

Kila dereva ajua kwamba akiachia mafuta gari likiwa katika gia ndogo, injini hulivuta nyuma. Injini ya petroli hufanya hivyo kwa kuwa ukiachia mafuta, mlango wa hewa hufungwa, na pistoni huhangaika kuvuta hewa isiyopatikana. Injini nyingi za dizeli hazina mlango wa namna hiyo. Pistoni huvuta hewa kwa wingi na kuikandamiza, kisha hewa hiyo iliyokandamizwa huirudisha pistoni chini kama springi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu iliyotumika hurudi, na injini haizuii sana.

Hapo ndipo breki ya ekzosi inapofaa. Ni kilango cha chuma, cha mviringo kama kifuniko cha kopo, kilichowekwa ndani ya bomba la moshi karibu na injini. Ukiwasha swichi na kuachia mafuta, kilango hujifunga, na dizeli hukatwa isiingie katika injini. Sasa pistoni inapopanda kutoa hewa hukuta njia imezibwa. Inasukuma na kusukuma, na kazi hiyo ngumu ndiyo inayozuia magurudumu. Joto lake halibaki katika breki za magurudumu; huishia katika injini, hutoka kwa rejeta na bomba la moshi. Nayo breki ya mguu hubaki baridi, ikingoja siku ya haja.

Malori mengi madogo kutoka Japani, kama Isuzu, Mitsubishi Canter na Hino, huja nayo. Mara nyingi swichi yake ni mkono mdogo karibu na usukani, na taa ndogo huwaka mbele ya dereva inapofanya kazi. Pikapu nyingi za kawaida hazina. Hizo tutazitaja mbele.

JINSI YA KUITUMIA

1. Chagua gia ukiwa bado juu. Usingoje gari lishike mbio. Kanuni ya wazee wa udereva ni hii: shuka mlima kwa gia ambayo ungeupandia ukiwa na mzigo uleule. Kama ungepanda kwa gia ya tatu, shuka kwa ya tatu, au kwa ya pili kama mzigo ni mzito.

2. Washa breki ya ekzosi kabla ya mteremko kuanza. Kisha ondoa mguu katika mafuta na katika klachi. Ukikanyaga mafuta au klachi, breki hii huachia mara moja. Madereva wengine hupumzisha mguu juu ya klachi, kisha hulalamika kwamba breki ya ekzosi haina nguvu.

3. Sikiliza injini. Breki hii ina nguvu zaidi injini ikizunguka haraka, na katika gia kubwa haifai sana. Lakini mshale wa mizunguko usiingie katika alama nyekundu. Ukiona unakaribia huko, kanyaga breki ya mguu upunguze mwendo, ndipo uingize gia ndogo zaidi.

4. Tumia breki ya mguu kwa vipindi. Kanyaga kwa uthabiti mpaka mwendo upungue kiasi cha kilometa 10 kwa saa, kisha achia kabisa ipoe. Usiikanyage kidogo kidogo bila kuachia, kwa maana hivyo ndivyo breki zinavyochomwa.

5. Mwonye aliye nyuma yako. Katika magari mengine taa nyekundu za nyuma haziwaki kwa breki ya ekzosi. Gusa breki ya mguu kidogo ili ajue unapunguza mwendo.

6. Kumbuka kwamba breki hii hupunguza mwendo, haisimamishi gari. Kusimama ni kazi ya breki ya mguu.

WAKATI WA MVUA

Breki ya ekzosi huzuia magurudumu yanayoendeshwa na injini tu, na kwa magari mengi ni ya nyuma. Katika barabara kavu hilo si neno. Lakini katika tope la udongo mweusi wa Kano, au barabara ya udongo baada ya mvua, hasa gari likiwa tupu, magurudumu ya nyuma huweza kuteleza na mkia wa gari ukaja mbele. Wakati kama huo izime breki ya ekzosi, ingia gia ndogo, na uende polepole. Kama gari lako huvuta kwa magurudumu manne, yaunganishe yote kabla ya kuingia katika tope.

KAMA PIKAPU YAKO HAINA BREKI HII

Usihuzunike. Gia ndogo bado ni msaada mkubwa, na wewe yakupasa kushika kanuni ileile kwa uangalifu zaidi: gia ndogo tangu juu, mwendo mdogo, breki ya mguu kwa vipindi. Gari lenye gia za kujibadilisha lenyewe nalo lina nafasi ya gia ndogo. Soma kitabu cha gari lako uijue.

Kuna breki za ekzosi zinazouzwa ili zifungwe katika pikapu. Usinunue kabla ya kumwuliza wakala wa gari lako kama injini hiyo yaweza kuvumilia. Msukumo wa moshi uliozuiwa ukizidi huweza kufungua vali za injini kwa nguvu, au kuharibu taboo. Na asitokee fundi wa kando ya barabara akuzibie bomba kwa bati. Utanunua injini nyingine.

ADUI WATATU

Adui wa kwanza ni kutoa gia na kuachia gari lishuke lenyewe, jambo ambalo madereva huliita "fri". Wanadhani wanaokoa mafuta. Si kweli. Gari la dizeli likishuka katika gia, mguu ukiwa umeondolewa katika mafuta, injini huzungushwa na magurudumu, na dizeli hukatwa. Ukitoa gia, injini hulazimika kuchoma dizeli ili isizimike. Basi yule wa fri anatumia mafuta zaidi, na amejinyima breki ya injini na ya ekzosi pamoja.

Adui wa pili ni mzigo kupita kiasi. Magunia 11 ya mahindi ya kilo 90 ni kilo 990, nayo ni mzigo kamili wa pikapu ya tani moja. Ukipakia magunia 20, umepakia kilo 1,800, na breki zilizotengenezwa kwa tani moja sasa zabeba karibu mbili. Tena usipandishe watu juu ya magunia. Gari likipinduka, hao ndio wa kwanza kufa.

Adui wa tatu ni uvivu wa kutunza. Badilisha mafuta ya breki kila miaka miwili, hata kama yanaonekana mazuri. Kagua bitana kabla ya msimu wa mavuno. Kuhusu breki ya ekzosi yenyewe, masizi huweza kukikwamisha kilango, na mipira ya upepo huweza kupasuka. Ijaribu mahali tambarare: endesha katika gia ya tatu, iwashe, achia mafuta. Ukisikia injini ikiguna na gari likizuiwa, ni nzima. Kama husikii tofauti, mpelekee fundi kabla ya safari ya mlimani, si baada yake.

BREKI IKIKUKATAA

Ukisikia harufu ya kuungua, au ukiona moshi katika magurudumu, au pedali imekuwa laini, tafuta mahali salama usimame, uweke mawe nyuma na mbele ya magurudumu, ungoje mpaka breki zipoe. Usizimwagie maji, chuma chenye moto mwingi kikipata maji baridi hupasuka.

Pedali ikizama kabisa, usizime injini. Ukiizima, usukani utakuwa mzito, na ukiondoa ufunguo utajifunga. Fanya hivi: washa breki ya ekzosi, shusha gia moja moja kadiri injini inavyokubali, pampu pedali haraka, vuta breki ya mkono pole pole. Piga honi, washa taa. Tafuta mahali penye kupanda, au kichaka, au ukingo wa udongo, uliegemeze gari hapo. Afadhali pikapu iharibike ubavu kuliko kuiingiza sokoni.

MWISHO

Mwenye gari, ukimwajiri kijana akuendeshee, usimwambie tu "wahi soko la Kibuye". Mfundishe haya, na usimkasirikie akichelewa nusu saa kwa kushuka polepole. Ukaguzi wa serikali wa kila mwaka ni mzuri, lakini mkaguzi hayumo ndani ya gari lako siku unaposhuka Riat.

Mteremko ukianza, acha injini ifanye kazi ya kuzuia, na mguu wako uweke akiba ya kusimama. Utafika salama, na bitana zako zitadumu.