Likizo ya Uzazi kwa Mama wa Shambani: Habari Kutoka Siaya, Kenya

Ndugu wafanyakazi, kila mmoja wetu aliye kiwandani au katika shamba la miwa au chai ana watu nyumbani wanaongoja mwisho wa mwezi. Mshahara ukitoka, sehemu yake huenda kijijini: ada ya shule, dawa ya mzee, mabati mawili matatu. Tangu zamani msaada wa fedha taslimu kwa familia maskini ya shambani umekuwa huo tu, yaani jasho la mtoto wake aliyekwenda kutafuta kazi. Familia isiyo na mtu kazini haikuwa na pa kutazamia.

Kwa jirani zetu wa Kenya limefanyika jambo ambalo linatuhusu sisi wafanyakazi, ingawa waliohusika ni wakulima wadogo. Katika kaunti ya Siaya, kando ya Ziwa Victoria, si mbali na mpaka wetu wa Busia, shirika la hisani liitwalo GiveDirectly liligawa fedha kwa familia zipatazo 10,500 kati ya mwaka 2014 na 2017. Halikugawa mahindi wala mbuzi wala mbegu, na hapakuwa na semina ya kufundishwa jinsi ya kuishi. Kila familia ilipata shilingi 87,000 za Kenya, kama dola 1,000 kwa thamani ya wakati ule, kupitia simu kwa M-Pesa. Kwanza zililetwa 7,000, baada ya miezi miwili 40,000, na baada ya miezi sita mingine 40,000 za mwisho. Kwa watu wa huko hizo zilikuwa kama robo tatu ya matumizi ya nyumba kwa mwaka mzima. Aliyestahili alijulikana kwa paa lake: mwenye nyasi aliandikwa, mwenye mabati aliachwa.

Si kila mtu aliyeamini. Katika Homa Bay, ng'ambo ya ghuba, watu wengi walizikataa fedha za shirika hilo kwa sababu ya uvumi kwamba zinatoka kwa shetani. Tusiwacheke. Maskini amezoea kuona kwamba kila kinachotolewa bure kina mdai nyuma yake.

Kazini kwetu nako utamsikia mwenzetu akisema kwamba fedha zisizotokwa jasho zitaishia kilabuni. Jambo hilo lilichunguzwa huko huko Siaya, katika eneo la Rarieda, mwaka 2011 na 2012, na matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Watu walikula vizuri zaidi, wakanunua mifugo, wakaezeka mabati. Wanaosema mabati ni anasa hawajalala chini ya nyasi wakati wa masika. Paa la nyasi huoza, na kila baada ya muda mfupi mwenye nyumba hutafuta nyasi nyingine na kumlipa fundi tena. Mabati hudumu miaka mingi, na ukiweka mfereji unateka maji ya mvua bila kwenda mtoni. Tajiri haoni gharama hiyo, kwa kuwa hajawahi kuilipa.

Ili kupima mambo vizuri, wataalamu walichukua vijiji 653 na kupiga kura ni vipi vitapata fedha na vipi havitapata, kisha wakalinganisha. Mtu anaweza kuuliza kama ni haki kumpa huyu na kumwacha jirani yake, na swali hilo ni la maana. Lakini yaliyoonekana ni kwamba hata vijiji vilivyokosa vilifaidika. Aliyepata fedha alizitumia papo hapo: kwa fundi seremala, kwa muuza duka, kwa mwenye mashine ya kusaga. Hao nao wakaajiri watu, na ujira ukapanda. Hesabu yao ilionyesha kwamba kila shilingi iliyoingia ilizaa karibu shilingi mbili na nusu katika eneo hilo. Bei za vitu hazikupanda ila kwa kiasi kidogo mno, kama sehemu moja katika elfu. Waajiri wetu, ambao kila tukidai nyongeza hutuambia kwamba mshahara ukipanda bei zitaruka, wangefaidika kwa kuisoma habari hiyo. Mashine ya kusaga iliyokuwa ikikaa kimya nusu siku ilisaga siku nzima. Hapakuwa na sababu ya kuongeza bei.

Lakini jambo kubwa lilijulikana mwaka 2025, pale baadhi ya wataalamu hao walipotoa hesabu ya watoto waliozaliwa. Katika nyumba zilizopata fedha, vifo vya watoto wachanga kabla ya kutimiza mwaka mmoja vilipungua kwa karibu nusu, asilimia 48. Vifo vya walio chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 45. Hakuna aliyewagawia dawa wala vyandarua pamoja na fedha hizo.

Sababu moja ni hospitali. Serikali ya Kenya ilifuta malipo ya kujifungua katika hospitali zake mwaka 2013, lakini kufika huko bado kunataka nauli, na kukaa huko kunataka chakula na mtu wa kubaki na watoto. Waliokuwa karibu na hospitali yenye daktari ndio waliofaidika zaidi. Sababu ya pili sisi tunaifahamu vizuri. Akina mama waliopata fedha walipunguza kazi nzito karibu nusu katika miezi ya mwisho ya mimba na miezi ya kwanza baada ya kuzaa. Waliweka jembe chini. Walipumzika, wakanyonyesha.

Kwa maneno mengine, walipata likizo ya uzazi. Hapa Uganda sheria ya ajira ya mwaka 2006 inampa mama aliyeajiriwa siku 60 za kazi zenye mshahara kamili, na wiki nne kati ya hizo lazima ziwe baada ya kujifungua. Wako waajiri wanaoiona haki hiyo kama zawadi. Hesabu ya Siaya inaonyesha mapumziko hayo yana uzito gani kwa uhai wa mtoto. Na tusijidanganye, katika mashamba makubwa mama wengi hufanya kazi kwa kibarua cha siku kwa siku. Asipokuja kazini halipwi, basi huja na tumbo lake hadi wiki ya mwisho. Huyo hana tofauti na mama wa Siaya kabla ya zile 87,000.

Ipo sehemu moja ya habari hii ambayo magazeti mengine yaliipita haraka. Fedha zile zilitolewa mara moja tu. Zilipokwisha, vifo vya watoto wachanga vilirudi karibu na pale vilipokuwa mwanzo. Mabati yalibaki juu ya nyumba, lakini mama aliyeshika mimba miaka michache baadaye hakuwa tena na akiba ya kumwezesha kuliacha shamba.