Maadili ya Taifa na Uvumilivu katika Shule ya Msingi: Suala la Majina ya Jamii katika Kata ya Buger, Wilaya ya Karatu

Ufundishaji wa maadili ya taifa katika shule ya msingi huchukuliwa kuwa njia ya kujenga uvumilivu. Dhana hiyo haihusu Tanzania peke yake. Mnamo Novemba 2014 serikali ya Uingereza ilitoa mwongozo ulioitaka kila shule inayogharimiwa na serikali kukuza yale yanayoitwa maadili ya Uingereza: demokrasia, utawala wa sheria, uhuru wa mtu binafsi, pamoja na kuheshimiana na kuvumiliana baina ya watu wa imani tofauti. Wahakiki walihoji ni kwa nini maadili yanayopatikana kwingineko yapewe jina la taifa moja. Hata hivyo, mwongozo huo uliitaja wazi tofauti iliyokusudiwa kuvumiliwa, yaani tofauti ya imani.

Tanzania ilifuata njia nyingine. Umoja ulijengwa kwa kuiweka kando tofauti ya kabila. Tangu sensa ya 1967, sensa za Tanzania hazijauliza kabila la mtu, na Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Njia hii imelikinga taifa dhidi ya siasa za kikabila. Pamoja na hayo, ukimya kuhusu tofauti haulingani na uvumilivu, na majina ambayo jamii huitana yanalithibitisha jambo hilo.

Buger ni kata ya Wilaya ya Karatu, Mkoa wa Arusha. Wakazi wake wengi ni Wairaqw, wazungumzaji wa lugha ya Kikushi. Katika wilaya hiyohiyo wamo Wadatoga, ambao lugha yao ni ya Kinailoti, na kandokando ya Ziwa Eyasi wamo Wahadzabe. Wairaqw na Wadatoga wana historia ndefu ya kupigana na vilevile ya kuoana. Katika Kiswahili cha kila siku, Wadatoga huitwa Wamang'ati, jina litokalo katika lugha ya Kimaasai lenye maana ya maadui. Wahadzabe nao huitwa Watindiga, jina walilopewa na wengine. Mwanafunzi anaweza kujibu vyema maswali ya somo la maadili kuhusu kuheshimiana, kisha akatoka darasani na kumwita jirani yake adui, bila yeye wala mwalimu kutambua kuwa neno hilo lina maana hiyo.

Inaweza kudaiwa kwamba kuyajadili majina haya darasani ni kuchochea ukabila. Hoja hiyo ina uzito, kwani mzaha wa watoto hauchelewi kugeuka dharau. Lakini majina hayo yanatumika tayari nje ya darasa. Ukimya wa shule hauyaondoi, bali huyaacha bila maelezo. Aidha, ibara ya 13 ya Katiba ya 1977 inapokataza ubaguzi inalitaja kabila waziwazi. Shule inayoifundisha ibara hiyo haina budi kuueleza ubaguzi wenyewe kwa mifano ambayo mtoto anaifahamu.

Mwanafunzi wa Kiiraqw mwenyewe anatoa mahali pa kuanzia. Mara nyingi jamii yake huitwa Wambulu, jina linalohusishwa na Mbulu, wala silo jina inalojiita. Akilifahamu hilo, ni rahisi kwake kuelewa kwa nini Mdatoga angependa kuitwa Mdatoga. Utamaduni wa Kiiraqw una nyenzo nyingine pia: slufay, dua ambayo mzee huighani na waliohudhuria wakaiitikia, ikiombea amani na baraka. Kuitaja darasani humwonyesha mtoto kwamba amani haikuletwa kwao na kitabu cha kiada pekee.

Kwa hiyo, kipimo cha uvumilivu katika shule kama za Buger hakiwezi kuwa idadi ya maadili ambayo mwanafunzi ameyakariri. Kipimo kifaacho zaidi ni jina analomwitia jirani yake, na uelewa wake wa sababu ya kulichagua.