Je, wajua roketi ya mabomba iliyorushwa Katanga?

Roketi ya OTRAG, iliyopewa jina la kampuni ya Kijerumani iliyoiunda, ni mashine ya anga za juu ambayo wabuni wake walijitahidi kuifanya ya kawaida kadiri ilivyowezekana, na iliruka kwa mara ya kwanza katika nyanda za juu za Katanga, wakati mkoa huo ulipokuwa ukiitwa Shaba na nchi yenyewe, Kongo, ikiitwa Zaire. Uwanja wake ulikuwa mahali paitwapo Kapani Tonneo, juu ya bonde la mto Luvua, kiasi cha kilomita 360 kaskazini-mashariki mwa mji wa Lubudi. Mto Lubudi humwaga maji yake katika Lualaba, na Lualaba, ukiteremka kuelekea kaskazini, hukutana na Luvua huko Ankoro, kwa hiyo Lubudi, mji wa reli na saruji uliopo leo katika mkoa wa Lualaba, na uwanja ule wa roketi viko katika beseni moja la mto, ingawa vitabu vya historia ya anga huutaja uwanja huo kana kwamba ulikuwa kisiwa kisicho na majirani.

Kampuni yenyewe iliundwa mwaka 1974 na mhandisi Lutz Kayser, na mwenyekiti wa bodi yake alikuwa Kurt Debus, mtu aliyeshiriki kurusha makombora ya V-2 ya Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha akaongoza Kituo cha Anga cha Kennedy huko Florida tangu mwaka 1962 hadi 1974, yaani katika miaka yote ya safari za mwezini. Hoja ya Kayser ilikuwa rahisi kuieleza: roketi ni ghali kwa sababu kila moja hutengenezwa kama saa ya mfukoni, kwa vipuri visivyopatikana dukani na kwa mikono ya mafundi wachache, ilhali lori hutengenezwa kwa maelfu na ndiyo maana bei yake inavumilika. Kwa kuwa kazi ya kupeleka setelaiti ni kazi ya uchukuzi, alitaka chombo chake kifanane na lori.

Msingi wa mashine hiyo ni bomba la chuma lenye kipenyo cha sentimita 27, ambalo mtu angeweza kulidhania bomba la kupitishia maji. Vipande vya mita tatu viliunganishwa kimoja juu ya kingine hadi kufikia urefu uliotakiwa, sehemu moja ya bomba ikajazwa fueli na nyingine kioksidishi, yaani kemikali inayoipatia fueli oksijeni ya kuunguzia, kwa sababu roketi, tofauti na gari au ndege, haitegemei oksijeni ya hewa inayoizunguka. Fueli ilikuwa mafuta ya jamii ya dizeli na mafuta ya taa. Kioksidishi kilikuwa mchanganyiko wa asidi ya nitriki na oksidi ya nitrojeni, kimiminika kinachotoa moshi mwekundu wa kahawia na kuunguza ngozi mara kinapoigusa. Wakazi wa miji ya Kolwezi na Fungurume, waliozoea kuona malori ya asidi ya sulfuriki yakielekea katika viwanda vya kuchakatia shaba na kobalti, hawahitaji kuelezwa sana hatari ya mzigo wa namna hiyo. Kiberiti hakikuhitajika. Kiasi kidogo cha alkoholi iitwayo furfurili kilitangulia mbele ya fueli, na alkoholi hiyo, ikikutana na asidi ya nitriki, huwaka yenyewe.

Katika roketi nyingi kubwa, fueli husukumwa hadi kwenye injini na pampu inayozungushwa na tabo ndogo, kifaa kinachozunguka kwa kasi ya ajabu na ambacho, pengine kuliko kingine chochote, huifanya roketi iwe ghali na iwe rahisi kuharibika. Kayser aliiondoa pampu hiyo. Kila bomba lilijazwa kimiminika hadi theluthi mbili hivi, na nafasi iliyobaki ikawekwa hewa iliyoshindiliwa, ambayo kwa kujaribu kutanuka iliisukuma fueli chini bila mashine yoyote kuzunguka. Mpango huu una gharama yake: hewa inavyotanuka ndivyo shinikizo linavyopungua, kwa hiyo msukumo wa injini hufifia kadiri safari inavyoendelea, na kuta za bomba hazina budi kuwa nene ili zistahimili shinikizo la mwanzo, jambo linaloongeza uzito. Wahandisi wa OTRAG walikubali hasara hiyo kwa makusudi, wakitumaini kwamba chuma cha bei nafuu kingefidia uzito uliozidi.

Sehemu inayokumbukwa zaidi ni mota iliyofungua na kufunga vali za mafuta, ambayo ilikuwa ya aina ileile inayoendesha waipa, yaani vile vifagio vya kupangusia mvua kwenye kioo cha gari. Mara nyingi jambo hili husimuliwa kama kichekesho, lakini ukilitazama kwa jicho la fundi ni uamuzi wa busara, kwa kuwa mota ya waipa imeundwa ifanye kazi katika joto, baridi, vumbi na maji kwa miaka mingi bila kuangaliwa na mtu, na tayari ilikuwa ikitengenezwa kwa mamilioni. Vali hizo ndizo pia zilizokuwa usukani. Injini za roketi nyingi huinamishwa huku na huku kwa mitambo ya pekee ili kugeuza chombo, lakini injini za OTRAG zilifungwa imara mahali pake, na chombo kilipotakiwa kuelekea upande fulani, vali za upande huo zilibanwa kidogo ili msukumo wake upungue na upande wa pili uuzidi nguvu.

Injini moja ya bomba moja ilisukuma kwa nguvu ya takriban kilonyutoni 25, nguvu inayotosha kuinua mzigo wa tani mbili na nusu hivi, ambayo ni ndogo mno kwa safari ya obiti, yaani njia ambayo setelaiti hupita ikiizunguka dunia. Jibu la kampuni lilikuwa kuyafunga mabomba pamoja kama mzigo wa kuni: manne kwa roketi ya majaribio, makumi kwa setelaiti ndogo, na mamia kwa mizigo mikubwa, huku mabomba ya pembeni yakiwaka kwanza na kuachwa yaanguke ili ya katikati yaendelee. Kilichorushwa Katanga kilikuwa mafungu ya mabomba manne tu. Kwa hiyo madai yote kuhusu unafuu wa roketi kubwa yalibaki kuwa hesabu za karatasi, na msomaji makini hapaswi kuyachukua kama jambo lililothibitishwa.

Katanga ilichaguliwa kwa sababu mbili, na ya kwanza ni ya kifizikia. Dunia huzunguka kutoka magharibi kwenda mashariki, na mahali palipo karibu na ikweta husafiri kwa kasi zaidi kuliko palipo mbali nayo: ardhi ya Kapani Tonneo, iliyo karibu nyuzi nane kusini mwa ikweta, husafiri kwa takriban kilomita 1,650 kwa saa, ilhali ile ya Frankfurt husafiri kwa takriban 1,070. Chombo kinachorushwa kuelekea mashariki hupata kasi hiyo bure. Waitalia waliutumia ukweli huohuo katika Bahari ya Hindi mbele ya Malindi, ambako tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, setelaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco na kupewa jina la Uhuru. Upande wa mashariki wa Malindi kuna maji matupu. Upande wa mashariki wa Luvua kuna watu.

Sababu ya pili ilikuwa mkataba. Serikali ya Mobutu Sese Seko iliikodishia kampuni eneo la takriban kilomita za mraba 100,000 hadi mwaka 2000, ukubwa unaokaribia mara mbili ya Rwanda na Burundi zikiunganishwa, na ikaipa mamlaka mapana juu ya kuingia na kukaa humo. Eneo hilo lilihitajika kwa sababu mabomba yaliyokwisha kuwaka yangelazimika kuanguka mahali fulani. Lilielezwa kuwa ni pori lisilo na watu wengi, maelezo ambayo mwenye shamba la mihogo au mvuvi wa Luvua asingeyatambua, maana uchache wa watu hupimwa kutoka angani kwa njia moja na kutoka kijijini kwa njia nyingine.

Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977, wakati wapiganaji wa kundi la waasi la FNLC waliotoka Angola walipokuwa bado wakipigana na jeshi la Zaire magharibi mwa mkoa huohuo, baada ya kuiteka Mutshatsha na kuitishia Kolwezi. Mwaka uliofuata wapiganaji hao waliingia Kolwezi kwenyewe. Tarehe 19 Mei 1978 askari wa miamvuli wa Kikosi cha Kigeni cha Ufaransa walirukia mji huo, na kesho yake, tarehe 20 Mei, roketi ya pili ikarushwa. Ya tatu ilirushwa tarehe 5 Juni 1978 mbele ya Mobutu mwenyewe, ikapinda njia muda mfupi baada ya kuondoka na kuangukia bondeni.

Ni vigumu kutowaza hapa juu ya tamthilia za runinga zinazohusu anga za juu, ambazo katika miaka hiyohiyo zilikuwa zimewazoesha watazamaji kuona vyombo vikienda nyota hadi nyota. Mashuhuri kuliko zote, Star Trek, ilikuwa na afisa wa mawasiliano aitwaye Uhura, jina lililochongwa kutokana na neno uhuru, na katika kipindi chake cha kwanza kurushwa hewani, tarehe 8 Septemba 1966, yalisikika hata maneno ya Kiswahili. Mwigizaji wa Uhura, Nichelle Nichols, alisaidia shirika la anga la Marekani mwaka 1977 kuwatafuta wanawake na watu weusi wa kujiunga na wanaanga. Hayo ni ya kusifiwa. Lakini tamthilia hiyo pia ilibuni mashine ya kuwahamisha watu papo hapo kwa miale kwa sababu kuonyesha chombo kikitua kila wiki kungegharimu fedha nyingi mno, na kwa hila hiyo ikaokoa fedha kwa kuiondoa ardhi katika hadithi. Kayser, aliyekuwa hodari wa kubana matumizi kuliko watengenezaji wa vipindi, aliokoa fedha kwenye pampu, kwenye vali na kwenye chuma, na ardhi akaipata kwa saini ya mtu mmoja. Katika hesabu zake zote za gharama, hicho ndicho kipengele ambacho bei yake halisi haikuandikwa.

Bei hiyo ililipwa kwa njia ya siasa. Umoja wa Kisovyeti ulidai kwamba Ujerumani Magharibi ilikuwa ikijaribu makombora ya kivita kwa siri, majirani wa Zaire wakapata wasiwasi, na ingawa roketi inayochukua muda mrefu kujazwa asidi na isiyo na uelekezi wa kulenga shabaha ingekuwa silaha duni, hakuna jirani anayelazimika kuamini maelezo ya kiufundi ya mgeni aliyezungushia uzio eneo lenye ukubwa wa nchi. Aprili 1979 Zaire iliiamuru kampuni isimamishe kazi. Kampuni ilihamia Libya, ambako ilirusha tena mwaka 1981 na kuzidisha hofu ileile, kisha jaribio la mwisho likafanyika Sweden mwaka 1983. Kayser alifariki mwaka 2017.

Tangu hapo uhusiano wa Katanga na anga umegeuka. Leo hakuna roketi inayoruka pale, lakini wilaya ya Lubudi, ambamo mna machimbo ya Tenke na Fungurume, hutoa kobalti inayoingia katika betri za lithiamu, zikiwemo za vyombo vya anga, na Kongo kwa jumla huchimba zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote duniani. Wazo la kufunga injini nyingi pamoja na kuzitengeneza kiwandani kwa wingi nalo halikufa: Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX huondoka kwa injini tisa, na hatua ya kwanza ya Starship ina injini 33, ingawa hizo zinatumia pampu alizozikwepa Kayser. Starship huruka kutoka pwani ya Texas kuelekea baharini ili vipande vyake vianguke majini, na Januari 2025 chombo hicho kilipopasuka angani, baadhi ya vipande viliangukia visiwa vya Turks na Caicos, ambavyo vina wakazi wake.