Radi za Alasiri katika Mji wa Johannesburg



Sisi tuliolelewa Pwani tumezoea kuisoma mvua kwa pepo. Kaskazi ikimalizika twangoja masika, na mvua yenyewe huweza kuanza usiku wa manane ikaendelea hadi asubuhi bila ya ngurumo hata moja. Elimu hiyo ni ya kweli, lakini huku haitufai sana. Hapa Johannesburg, asubuhi ya mwezi wa Novemba mbingu huwa safi kabisa, nguo huanikwa na watoto hutumwa madrasa. Ikifika saa tisa au saa kumi alasiri giza limetanda, na kabla ya Magharibi radi zimeanza kuanguka. Saa hizo ndizo ambazo watoto wetu wako njiani, nasi hatuna budi kuzijua.

Mji huu umekaa juu ya uwanda ulioinuka kiasi cha mita 1,750 kutoka usawa wa bahari. (Ndiyo maana maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na maharagwe hukawia kuiva, mpishi asilaumiwe.) Mvua zake ni za majira ya joto, kuanzia Oktoba hadi Machi, wakati pepo zinapoleta unyevu kutoka Bahari ya Hindi na kutoka nchi za joto zilizo kaskazini. Jua likiipiga ardhi tangu asubuhi, hewa iliyo juu yake hupanuka, huwa nyepesi na kupaa. Ikipaa hupoa, na mvuke uliomo hugeuka kuwa matone. Hilo ndilo wingu. Ama mvuke ukigeuka maji hutoa joto, na joto hilo huisukuma hewa izidi kupaa, hata wingu lililoanza adhuhuri kama kishada cha pamba likawa mlima wenye kimo cha kilomita 12 na zaidi. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, ndiyo sababu mvua huja alasiri.

Huko juu ni baridi ya kugandisha. Chembe za barafu hugongana na punje za mawe laini, na kwa kugongana huko chaji za umeme hutengana, chanya zikabaki juu na hasi chini. Tofauti ikizidi, hewa haiwezi tena kuizuia: umeme hupita, njia yake hupata joto la nyuzi 30,000 hivi, na hewa hutanuka kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho ngurumo. Neno letu “radi” limetoka katika Kiarabu, nalo ni jina la Sura ya 13, Ar-Ra'd. Ila kwa Waarabu maana yake ni ngurumo, na sisi tumelipa ule umeme upigao.

Mvua ya mawe hutoka katika mawingu hayo hayo. Punje hurushwa juu na upepo mara kwa mara, maji yakaganda juu yake tabaka baada ya tabaka, mpaka upepo ushindwe kuibeba. Tarehe 28 Novemba 2013 yalianguka katika jimbo la Gauteng mawe yenye ukubwa wa mpira wa gofu, yakavunja vioo vya magari mengi.

Sasa tufanye nini? Uonapo umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, ingia ndani ya nyumba, wala usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Usijikinge chini ya mti, na mji huu umejaa miti, mijakaranda hasa. Gari lenye paa la chuma ni salama, si kwa sababu ya matairi yake, bali kwa kuwa bati hulipitisha umeme nje ya abiria. Aidha, mabomba ya maji hupitisha umeme; basi wingu likianza kunguruma, teka maji katika birika mapema na utawadhe kwayo mbali na bomba. Kufunika vioo, kama wafanyavyo wengi hapa, hakudhuru wala hakufai.

Na aliyepigwa na radi asiogopwe. Mwili wake haubaki na umeme. Aguswe, akiwa hapumui asukumwe kifua na kupuliziwa pumzi bila kuchelewa, na gari la wagonjwa liitwe kwa namba 10177.

Wenye kukaa karibu na mito wana hatari ya pili. Mvua ya hapa humwagika kwa muda mfupi juu ya lami na saruji, isipate pa kuzama. Tarehe 3 Desemba 2022 maji ya ghafla ya mto Jukskei yaliwachukua waumini wa Kikristo waliokuwa wakifanya ibada ukingoni, na zaidi ya watu 10 wakafariki. Mto huo siku nyingine mtoto huuvuka kwa miguu.

Toleo lijalo, inshaallah, tutazungumzia jalidi ya mwezi wa Julai na jiko la makaa.

Wabillahi tawfiq.